Hakuna Kiti cha Saksofoni: Niliyojifunza kwa Kupuliza na Kutunga

Mpiga fidla anayehitimu konsavatori, yaani chuo cha muziki, hutafuta nafasi katika okestra, na hata kama nafasi zenyewe ni chache na usaili wake ni mkali, anajua kwamba zipo. Mpuliza saksofoni wa muziki wa klasiki hana nafasi ya namna hiyo ya kuitafuta. Okestra ya simfoni ina viti vya kudumu vya filimbi, oboe, klarineti na basuni, na nyuma yao honi, tarumbeta, tromboni na tuba. Saksofoni huitwa pale tu kazi fulani inapoihitaji, kisha mpulizaji hufunga kasha lake na kwenda zake. Nimeishi kwa kazi hii miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa Ufaransa, na karibu kila uamuzi mkubwa nilioufanya, ukiwemo ule wa kuanza kutunga, ulitokana na kukosekana kwa kiti hicho.

Jambo hili lina historia yake. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka 1814, alipata hataza ya chombo hiki nchini Ufaransa mwaka 1846, wakati ambapo okestra ilikwisha kujipanga bila yeye. Waliompokea ni bendi za jeshi. Darasa la saksofoni alilolianzisha katika Konsavatori ya Paris mwaka 1857 lilikuwa la wanajeshi, nalo likafungwa mwaka 1870, mwaka wa vita kati ya Ufaransa na Prussia. Halikurudi hadi mwaka 1942, lilipokabidhiwa kwa mpuliza saksofoni Marcel Mule. Hiyo ni miaka 72 ambayo konsavatori kuu ya nchi iliyokilea chombo hiki haikumfundisha mtu yeyote kukipuliza. Mtunzi Brahms aliwaandikia wapuliza klarineti sonata mbili mwaka 1894 kwa sababu alikuwa amemsikia mmoja wao, Richard Mühlfeld, na kuvutiwa naye. Kwa upande wetu, kizazi hicho hakikuwa na Mühlfeld wa kusikiwa.

Kwa hiyo muziki tulio nao ulipatikana kwa wapulizaji wenyewe kubisha hodi kwa watunzi. Elise Hall, mwanamke wa Boston aliyekuwa na uwezo wa fedha, aliwaagiza Wafaransa wamwandikie, na ndiye aliyemfanya Debussy akubali, shingo upande, kuanza kazi ambayo mwenyewe hakuikamilisha kwa okestra. Roger-Ducasse aliimalizia mwaka 1919, baada ya Debussy kufariki. Sigurd Raschèr, Mjerumani, alimwandama Glazunov mpaka akapata konseto, yaani kazi ya mpigaji mmoja na okestra, mwaka 1934, na mwaka uliofuata akapata nyingine kutoka kwa Ibert. Mwanafunzi wa leo anapozipuliza kazi hizi kwenye mtihani huziona kama urithi uliokuwepo tangu zamani, ilhali kila moja ilitokana na mpulizaji fulani aliyeandika barua, akasubiri, akaandika tena. Nilipoielewa historia hiyo ndipo nilipoacha kungoja kuitwa.

Mimi nilijifunza kusoma muziki Moshi, katika kwaya ya usharika alimoimba mama, kwa njia ya sol-fa. Katika njia hiyo do haina makao ya kudumu: wimbo ukiwa katika F, do ni F, na ukipandishwa hadi G, do inahamia G, wala mwimbaji hashtuki, kwa sababu anachokifuata ni uhusiano wa sauti na sauti. Saksofoni nilifundishwa baadaye, Dar es Salaam, na mzee mmoja aliyestaafu kutoka bendi ya Polisi, ambaye sote tuliendelea kumwita Afande. Yeye alisoma noti za mistari mitano, na chombo alichoniazima kilikuwa alto, ambayo mpulizaji akisoma C, msikilizaji anasikia E bemoli, yaani E iliyoshushwa nusu toni. Kisha nikaenda Ufaransa, ambako do ni C siku zote, iwe mvua iwe jua. Sauti ya msingi ya wimbo mmoja ulio katika F ikawa na majina matatu: moyoni mwangu ilikuwa do, kwa mpiga piano aliyenisindikiza ilikuwa fa, na kwenye karatasi yangu ya alto ilikuwa re.

Mwalimu mmoja wa darasa la imla ya muziki alinishauri niisahau sol-fa kabisa, kwa kuwa aliiona kama mkongojo wa watu wasiojua noti. Sikumbishia, maana mgeni hafundishi wenyeji darasani mwao, lakini sikumtii pia. Nilijifunza do yao kwa kukariri, kama mtu anavyojifunza namba za mabasi ya mji mpya, huku yangu ikibaki mahali pake. Faida yake ilionekana nilipoingia katika kwarteti ya saksofoni, yaani soprano, alto, tenori na baritoni. Vyombo vinne vya namna moja vinapopiga kodi kwa pamoja, yaani sauti kadhaa zinazolia kwa wakati mmoja, kosa dogo la ulinganifu husikika mara moja, na anayeshika theluthi kubwa, yaani sauti ya tatu kutoka ile ya msingi ya kodi, hulazimika kuishusha takriban senti 14 chini ya ile ya piano, yaani sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni, ili kodi itulie. Wenzangu walilijua hilo kwa mashine ya kupimia sauti. Mimi nililijua kwa sababu theluthi hiyo ni mi, na mtu aliyeimba mi katika kwaya isiyo na kinanda tangu utotoni anajua inakokaa.

Afande hakuwahi kunifundisha kazi yoyote ya klasiki, na sidhani kama alizijua. Alichonifundisha ni sauti ndefu. Kila somo lilianza kwa sauti moja iliyoshikwa tangu pumzi inapoanza mpaka inapokwisha, ikianza kwa unyonge, ikipanda, ikishuka tena, bila kutetema na bila kupanda wala kushuka kimo. Nikilalamika alisema, "Kijana, bendi inatembea kilomita nzima. Asiye na pumzi atabaki nyuma na watoto." Nilipofika kwa maprofesa wa Ufaransa nilikuta zoezi lile lile, likiwa na maelezo marefu zaidi kuhusu kiwambo cha tumbo, koo na midomo. Mpaka leo siku yangu inaanza hivyo, na siku ninayoliruka najua kabla ya saa sita mchana.

Nimekuwa nikiitwa na okestra kama mpulizaji wa ziada, na kazi hizo zina mafunzo yake. Katika mpangilio wa okestra ambao Ravel aliufanya mwaka 1922 kutokana na *Picha za Maonyesho*, kazi ya piano ya Mussorgsky, alto saksofoni ina sehemu moja tu, ile ya kasri la kale, yenye solo ndefu ya huzuni ambayo wapulizaji wote wa saksofoni duniani wanaifahamu. Ikikwisha, huna noti nyingine mpaka mwisho wa onyesho, nawe unakaa jukwaani mbele ya watu ukiwa umekunja mikono huku wenzako wakiendelea kufanya kazi. Katika *Boléro* ya Ravel huyo huyo, ya mwaka 1928, mambo ni kinyume: unasubiri kwanza. Ngoma ndogo inapiga mdundo ule ule, filimbi inaimba, kisha klarineti, basuni, na wengine mmoja baada ya mwingine, na mpuliza tenori anahesabu kimya kwa muda wa dakika tano hivi kabla ya zamu yake. Shida katika dakika hizo ni mwanzi. Kipande hicho chembamba kinachotetema mdomoni mwa chombo kikikauka hakitoi sauti ya kwanza, na katika kazi ile hakuna sauti ya pili ya kurekebisha ya kwanza. Mimi huuweka mdomoni tangu zamu ya tarumbeta, nauloanisha kwa mate, naupuliza hewa ya moto bila kutoa sauti, na sitazami hadhira.

Niongeze neno kuhusu mianzi, kwa kuwa hakuna kinachokula muda wetu kama hiyo. Mingi inayotumika hutokana na mimea inayolimwa mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Kisanduku huwa na mianzi 10, na katika hiyo mpulizaji mwenye bahati hupata mitatu ya jukwaani. Iliyobaki ni ya mazoezi au ya kutupwa. Ule unaoimba vizuri Lyon wakati wa baridi, ndani ya ukumbi wenye joto kavu, hupinda na kuvimba ukifika Dar es Salaam mwezi wa Machi. Ndiyo sababu nasafiri na msasa laini na kipande cha kioo cha kuusugulia, na sipangi onyesho siku niliyotua.

Kutunga nilianza kwa haja, si kwa wito. Kwarteti yetu ilipata mwaliko wa onyesho la watoto wa shule, na muziki uliokuwepo ulikuwa ama mrefu mno ama ni nyimbo za piano zilizogeuzwa. Niliandika vipande vifupi vya kujaza pengo. Vilipokubalika, mratibu wa ukumbi mwingine akaviomba, kisha kwarteti ya mji mwingine ikaomba karatasi zake, na hapo ndipo nilipopata somo ambalo hakuna mwalimu aliyenipa: mtu mwingine akipuliza muziki wako, hupuliza kilichoandikwa tu. Mahali nilipokuwa navuta pumzi kwa desturi bila kufikiri, wao walikata kishazi katikati, kwa kuwa karatasi haikuonyesha alama yoyote. Tangu hapo naandika pumzi kwa uangalifu ule ule ninaoandikia noti, na mtu akitaka kuivunja alama hiyo, angalau ajue kwamba anaivunja.

Kuwa mpulizaji kunamsaidia mtunzi, lakini kuna mtego ndani yake. Najua kwamba sauti za chini kabisa za saksofoni, kuanzia B bemoli hadi C, haziamki kwa unyonge kirahisi, hivyo sizianzishi kwa minong'ono pasipo kumpa mpulizaji nafasi ya kujiandaa. Najua pia kwamba kutoka C diezi (C iliyopandishwa nusu toni) ya katikati, ambayo hupigwa huku vidole vyote vikiwa vimeinuka, kwenda D iliyo jirani yake, ambayo huhitaji vidole sita vishuke kwa pamoja pamoja na kibonyezo cha oktava, ni kuvuka mto, na kukimbia huku na huko hapo kwa kasi ni kumtesa mtu bure. Mtego ni kwamba vidole vina mazoea yake. Nikitunga nikiwa na chombo mkononi, hujikuta naandika yale yale niliyoyafanyia mazoezi asubuhi, na muziki unakuwa mwepesi kwa mpulizaji lakini mchovu kwa msikilizaji. Kwa hiyo natunga mezani, naimba kwa sol-fa, naandika, na chombo hukitoa kwenye kasha siku chache baadaye ili kujua kipi kinawezekana. Kikiwa kigumu lakini kina sababu, nakiacha. Kikiwa kigumu kwa kiburi changu tu, nakifuta.

Kazi iliyonifundisha zaidi kuliko zote ni solo ya alto niliyoitunga juu ya makamu ya bayati, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Taarabu ya Unguja ilipokea makamu haya kutoka Misri na nchi za Kiarabu, na yeyote aliyekulia karibu na redio ya pwani anaifahamu bayati hata kama hajui jina lake. Ikianzia D, sauti yake ya pili iko kati ya E na E bemoli, mahali ambapo piano haina kibonyezo. Saksofoni inaweza kuifikia kwa mpangilio wa vidole usio wa kawaida, unaoacha tundu moja wazi katikati ya yaliyofungwa, au kwa kulegeza midomo. Tatizo ni kwamba kwenye alto sauti hiyo inaangukia kati ya C na C diezi za karatasi, eneo ambalo vidole vingi vimeinuka, bomba limebaki fupi na sauti ni nyembamba kuliko popote pengine. Sauti inayobeba utamu wote wa makamu ikawa ndiyo dhaifu kuliko zote. Nilisogeza makamu yote ianzie G, sauti ya pili ikaangukia kati ya F na F diezi za karatasi, ambako chombo kina mwili, na kazi ikaanza kupumua.

Hata hivyo niliona si haki kuimaliza bila kuipeleka kwa wenyewe. Nilikwenda Unguja kumsikilizisha mzee mmoja aliyepiga fidla katika taarabu maisha yake yote. Baada ya shikamoo na kahawa aliniambia nipulize, akanisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Umeipima vizuri, mwanangu, lakini bayati haisimami wima." Nilimwomba anionyeshe. Alichukua fidla, akapanda na kushuka taratibu mara kadhaa, na nikasikia kwamba sauti ile ya pili haikukaa mahali pamoja: alipokuwa akipanda aliinyanyua kidogo, na aliposhuka kurudi kituoni akaishusha, tena akaikokota.

"Ni robo toni ngapi, Maalim?" nikauliza, swali la konsavatori hilo.

"Unaijua ukifika nyumbani," akajibu, akimaanisha sauti ya kituo.

Nilirudi na kuiandika upya sehemu ile. Badala ya alama moja ya robo toni kila mahali, niliweka mishale midogo ya kupanda na kushuka juu ya noti, pamoja na maelezo ya mistari mitatu yanayomwelekeza mpulizaji asikilize taarabu kabla ya kuishika kazi. Baadhi ya wapulizaji wa Ulaya wameniambia kwamba maelezo hayo hayatoshi. Ni kweli hayatoshi, na sioni ni karatasi gani ingetosha.

Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa sababu vijana wanaoniandikia huuliza jambo hili kwa kuzungukazunguka. Ufaransa ina utaratibu wa wasanii wa jukwaani ambao mtu akithibitisha saa 507 za ajira za mikataba ndani ya miezi 12 hulipwa posho kwa siku asizokuwa na kazi. Utaratibu huo ndio unaowashikilia wanamuziki wengi ninaowafahamu. Lakini saa ninazokaa mezani nikitunga hazihesabiki humo, kwa kuwa mtunzi hulipwa kama mwandishi: kwa ada ya kuagizwa kazi na kwa haki za utunzi. Haki hizo hukusanywa na SACEM, chama kilichoanzishwa mwaka 1851 baada ya watunzi kuchoshwa; miaka minne kabla yake, mmoja wao, Ernest Bourget, alikuwa amekataa kulipia kinywaji katika mkahawa mmoja wa Paris kwa hoja kwamba ukumbi ulikuwa ukipiga nyimbo zake bila kumlipa. Napenda kisa hicho, ingawa malipo ya solo ya saksofoni inayopigwa mara chache kwa mwaka hayatoshi hata kwa kinywaji cha Bourget. Kinacholipa kodi ya nyumba ni kufundisha, na kufundisha katika shule za muziki za serikali za mitaa kunahitaji diploma ya ualimu, ambayo namshauri kila mpulizaji aipate mapema, hata akijiona ni nyota.

Nyumbani naulizwa swali jingine: kwa nini sipigi dansi? Wanaouliza wana haki. Katika eneo letu saksofoni ilipata heshima yake kwenye rumba na dansi, kwa watu kama Verckys Kiamuangana wa Kinshasa na Moses Matovu wa Afrigo Band ya Kampala, iliyoanza mwaka 1975, na mpenzi wa muziki wa Dar es Salaam anayekiita chombo hiki domo la bata anajua vizuri kinavyopaswa kujibizana na gitaa. Siupuuzi muziki huo. Namna Verckys alivyouma mwanzo wa sauti kwa ulimi niliitumia katika kwarteti ninayoiona kuwa kazi yangu bora, na Wafaransa waliidhani ni mbinu mpya. Niliwaeleza ilikotoka, na baadhi yao walikwenda kuzitafuta santuri.

Kwa sasa naandika kazi ya alto saksofoni na kwaya isiyo na kinanda, iliyoagizwa kwa ajili ya kwaya moja ya Kilimanjaro. Sehemu za waimbaji naziandika kwa sol-fa, yangu kwa noti, na kila mstari una hesabu mbili za kulinganisha. Ugumu uliopo ni wa pumzi: waimbaji 40 wanaweza kupokezana hewa wakashikilia kodi moja muda wowote wanaotaka, nami niko peke yangu. Kuna njia ya kuvuta hewa puani huku mashavu yakisukuma hewa iliyobaki mdomoni, na ninaiweza, lakini inaondoa ukimya mdogo wa kabla ya sauti, na ukimya huo nautaka. Nimejaribu kuwapa soprano noti yangu ya mwisho waishike wakati mimi navuta hewa, kisha niirudie chini yao kwa oktava. Ukurasa wa nne unakubali mpango huo. Ukurasa wa saba bado unakataa, kwa kuwa hapo soprano wenyewe wako juu mno, na huenda nikawapa tenori.